Wanafunzi wangu wa saikolojia hawawezi kuandika ripoti ya utafiti. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa saikolojia wa mwaka wa pili. Darasa lina wanafunzi 180 na maabara hatuna. Ripoti zao zinanikatisha tamaa: utangulizi kurasa sita za kunakili, matokeo mistari mitatu, na hitimisho linalodai mambo ambayo hawakuyapima kabisa. Wenzangu wanasema tatizo ni Kiingereza, eti nisubiri kwanza wapite kwenye somo la stadi za mawasiliano. Nasahihisha usiku kucha, lakini ripoti inayofuata inarudi na makosa yaleyale. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi, na ningependa nianze hapo ulipomalizia, kwenye kusahihisha usiku kucha, kwa sababu nami nilianza hivyohivyo. Muhula wangu wa kwanza nilipigia mstari mwekundu kila kitenzi kilichokosewa na kila herufi iliyoruka. Ripoti zilirudi sarufi imenyooka. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba wanafunzi wa bweni wana sonona kwa sababu ya upweke. Alikuwa amegawa hojaji moja, kwa watu 30, siku moja. Mimi nilimrekebishia umoja na wingi. Akairudisha sentensi ile na umoja na wingi sahihi, na ile "kwa sababu ya" ikiwa pale pale, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuigusa. Alikuwa ameona vitu viwili vinaandamana, akatangaza kwamba kimoja kimezaa kingine, nami nilikuwa nimemkubalia kwa kunyamaza.

Kiingereza ni tatizo la kweli, silidharau. Wengi wa wanafunzi wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza wakakuta karibu kila somo limegeuka. Lakini kabla hujawaachia wenzako wa stadi za mawasiliano, fanya jaribio dogo. Mwite mwanafunzi mmoja, afunge karatasi zake, akueleze kwa Kiswahili amegundua nini. Atakutajia mada: "Nimefanya kuhusu msongo wa mawazo." Muulize uliwapima vipi, nani alimzidi nani, kwa kiasi gani. Wengi watanyamaza hapo. Aliyenyamaza kwa Kiswahili hakukwamishwa na Kiingereza. Hajajua bado ameona nini, na ukimpeleka kwenye somo la lugha atarudi na sentensi nzuri za kusema asichokijua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: waanze kuandika kutoka kwenye kitu walichokiona kwa macho yao, na wamwandikie mtu ambaye hakuwepo. Utangulizi usubiri hadi mwisho wa muhula.

Maabara huihitaji. Mwaka 1935 John Ridley Stroop, aliyekuwa Nashville huko Marekani, alichapisha majaribio ambayo unaweza kuyafanya kesho kwa kalamu za dukani. Katika mojawapo, watu walitaja rangi za miraba 100 kwa wastani wa sekunde 63 hivi. Rangi hizohizo zilipokuwa wino wa maneno yanayotaja rangi nyingine, muda ulipanda hadi sekunde 110 hivi. Mtu aliyezoea kusoma hawezi kulitazama neno bila kulisoma, atake asitake, na neno likishasomwa linagombana na rangi ya wino mdomoni.

Kila kikundi cha watu wanne kipe karatasi mbili na kalamu za bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Karatasi ya kwanza wachore miraba 40. Ya pili waandike maneno 40, NYEKUNDU kwa wino wa kijani, BLUU kwa wino mweusi, na kuendelea. Mmoja anataja rangi kwa sauti, mmoja anashika saa ya simu, mmoja anahesabu makosa, mmoja anaandika. Kisha wanabadilishana zamu. Nusu yao waanze na miraba na nusu waanze na maneno, waamue kwa kurusha shilingi. Waache wenyewe waulize kwa nini shilingi. Swali hilo likitoka kwao, mada ya upangaji kwa nasibu umeshaimaliza nusu.

Wakishapima, wasitoke. Waandike papo hapo aya moja isiyozidi maneno 120: tulifanya nini, tuliona nini. Msomaji ni mwenzao aliyekosa kipindi. Aya utakazopokea mara ya kwanza zitafanana na hii:

"Jaribio lilifanyika na imethibitika kwamba watu huchanganyikiwa wanapoona rangi. Tofauti ilikuwa kubwa sana kwa sababu ubongo hauwezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja."

Iandike ubaoni bila jina la mwandishi, kisha darasa liihoji neno kwa neno. Imethibitika na nani? Watu gani, wangapi? Kubwa sana ni kiasi gani? Na ubongo, mliupima saa ngapi? Usijibu wewe. Wape dakika 10 waiandike upya, na utaona kitu cha namna hii (namba hizi ni za mfano tu):

"Tuliwapima wanafunzi 24 wa darasa letu. Kila mmoja alitaja rangi za miraba 40 na rangi za wino wa maneno 40 yanayotaja rangi tofauti. Nusu walianza na miraba, nusu na maneno. Miraba iliwachukua wastani wa sekunde 26, maneno sekunde 39. Wanafunzi 22 kati ya 24 walitumia muda mrefu zaidi kwenye maneno. Hatukuhesabu mara walizojirekebisha, kwa hiyo hatujui kama waliochelewa walikuwa pia waangalifu zaidi."

Sentensi ya mwisho hiyo ndiyo ninayoitafuta muhula mzima. Hawakuinakili kutoka kitabu chochote, kwa kuwa hakuna kitabu kinachojua walisahau kuhesabu nini. Na angalia "tuliwapima". Wengi wamefundishwa kwamba mwanasayansi hajitaji, ndiyo maana kila kitu kwao "kilifanyika" chenyewe. Mwongozo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, ule wa APA, katika toleo lake la saba la mwaka 2019 unahimiza mwandishi aseme mimi au sisi anapoeleza alichokifanya. Kwa Kiswahili ni rahisi zaidi, mtendaji anakaa ndani ya kitenzi: niliwauliza, tulihesabu. Mwanafunzi akijiweka humo, mara moja analazimika kukumbuka kama kweli alihesabu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo nadhani kila anayefundisha uandishi kwa wanasaikolojia anapaswa kulijua. Mwaka 1987 Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell aliandika mwongozo kwa vijana kuhusu namna ya kuandika makala ya utafiti. Ulisomwa sana madarasani, na mengi ndani yake ni mema, mimi mwenyewe nimeyafundisha: andika kwa lugha nyepesi, usimchoshe msomaji. Lakini alisema pia kwamba kuna makala mbili unazoweza kuandika, ile uliyoipanga ulipobuni utafiti na ile inayoleta maana zaidi baada ya kuyaona matokeo, na kwamba ya kuandika ni ya pili. Likisomwa haraka linaonekana la busara. Kumbe ni sawa na mtabiri anayesubiri mvua inyeshe kwanza, ndipo atangaze kwamba aliijua tangu jana. Mwaka 1998 Norbert Kerr aliandika makala nzima kuonya juu ya tabia hiyo ya kutunga nadharia tete, yaani dhana ambayo utafiti unaipima, matokeo yakiwa yameshajulikana.

Mwaka 2011 Bem mwenyewe alichapisha majaribio tisa, yenye washiriki zaidi ya 1,000, katika mojawapo ya majarida yanayoheshimika zaidi kwenye fani yetu. Alidai kwamba watu wanaweza kuhisi mambo kabla hayajatokea. Makala iliandikwa vizuri, ikafuata taratibu zote zilizozoeleka. Wengine waliporudia baadhi ya majaribio yale hawakupata kitu, na wengi tukaanza kujiuliza: kama taratibu zetu zinaweza kufikisha dai kama hilo hadi kwenye jarida kubwa, zimefikisha mangapi mengine? Mwaka 2015 kikundi kikubwa cha watafiti kilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika makala za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuyaeleza kwa bahati tu. Ziliporudiwa zilibaki asilimia 36.

Siamini kwamba watafiti wale walikuwa waongo. Naamini wengi waliandika kama walivyofundishwa kuandika. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzako wanaodhani uandishi ni kazi ya idara nyingine. Namna unavyomfundisha kijana kupanga ripoti yake ndiyo namna unavyomfundisha kuwa mkweli au kutokuwa mkweli kwa data.

Darasani tiba yake ni bahasha. Kabla ya kuchora mraba wa kwanza, kila kikundi kiandike sentensi mbili: tunatarajia nini, na tutahesabu vipi. Watie tarehe na sahihi, wafunge, ukae nazo wewe. Siku ya kukabidhi ripoti bahasha zifunguliwe. Ripoti ikitofautiana na bahasha si kosa, ila iseme hivyo waziwazi: "Tulitarajia hivi, tukapata vile, wazo la tatu lilitujia baadaye." Na uwaahidi mapema, kisha utimize, kwamba aliyekosa alichokitarajia hapotezi hata alama moja. Kwa watafiti jambo hili linaitwa kusajili mpango wa utafiti, na jarida la Cortex tangu mwaka 2013 linapokea makala zinazopitiwa na kukubaliwa hata kabla data haijakusanywa. Mwanafunzi wako wa mwaka wa pili anaweza kuanza nalo kwa bahasha za dukani.

Kuhusu maneno, mimi nina marufuku mbili za muhula mzima. Ya kwanza ni "imethibitika" pamoja na ndugu zake wa Kiingereza. Ya pili ni "tafiti zinaonyesha" isiyofuatwa na nani na lini. Badala yake nachora ubaoni ngazi: tuliona, matokeo yanaonyesha, yanaashiria, huenda. Mwanafunzi achague kipago na aeleze kwa nini amesimama hapo. Wataanza kubishana, "hapa huwezi kusema yanaonyesha, mlipima mara moja tu," na ubishi wa namna hiyo ni somo lenyewe. Ufunguzi wa "Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia" nauomba uondoke tu, wala hatujadiliani.

Sasa lugha. Wajadili kwa Kiswahili, waandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili kama wanataka, halafu ndipo waiandike kwa Kiingereza. Kutoka lugha moja kwenda nyingine ndiko makosa ya vipimo yanakojitokeza. Mwanafunzi anachukua kipimo cha sonona kilichotungwa kwa Kiingereza, anaita "msongo wa mawazo", kwenye mjadala anaita "huzuni", na kwenye hitimisho imekuwa "afya ya akili". Amepima kitu kimoja na kukizungumzia kwa majina manne yasiyo sawa. Mtu anaposema "nina mawazo" huku kwetu, anakueleza jambo zito, ingawa neno lenyewe halimo kwenye hojaji yoyote ya kigeni. Zimbabwe walilichukulia hilo kwa uzito. Mradi wa benchi la urafiki ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, ambao akina bibi wa jumuiya walifundishwa kuwasikiliza watu, uliongea na wagonjwa kwa neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, na neno la mtaani halikuizuia sayansi kufika huko. Basi kila anayetumia hojaji iliyotafsiriwa aeleze kwenye sehemu ya mbinu nani alitafsiri, na nani mwingine aliirudisha kwenye lugha ya mwanzo bila kuiona ya awali. Aya hiyo moja inafundisha zaidi ya mhadhara mzima juu ya uhalali wa vipimo.

Najua unafikiria: wanafunzi 180, nani atasoma yote haya? Tufanye hesabu. Aya ya maneno 120 unaisoma na kuandikia maoni mawili kwa dakika 4. Darasa zima ni saa 12, hakuna anayeweza hilo kila wiki. Usisome zote. Wiki ya kwanza soma 45, wiki ya pili 45 nyingine, na kuendelea. Hizo ni saa 3 kwa wiki, na baada ya wiki nne kila mmoja umeshamfikia. Wasijue zamu ya nani. Zile 135 zinazobaki wasomeane wenyewe vikundini, kwa swali moja tu kwa wiki: wiki hii tunatazama kama msomaji angeweza kulirudia jaribio, wiki ijayo tunatazama kama kila dai lina namba yake. Ukiwapa maswali kumi watajibu "ni nzuri" mara kumi. Nawe pia sahihisha jambo lilelile la wiki, makosa mengine yaache yapite. Itakuuma mwanzoni. Mimi iliniuma sana kuacha kosa la sarufi bila kulipigia mstari.

Jambo jingine: maoni yakitolewa, lazima kuwe na nafasi ya kuandika upya kabla ya alama. Maoni yanayokuja pamoja na alama hayasomwi. Mwanafunzi anatazama alama na kukunja karatasi, na kazi yako yote imekwenda na maji.

Kunakili nako kunapungua kwa namna ambayo haihitaji polisi. Mwanafunzi asome makala, aifunge, amsimulie jirani yake kwa Kiswahili, kisha aandike bila kuifungua. Anaifungua tu mwishoni kuhakiki majina na namba. Ukimkuta hawezi kusimulia, hajaielewa, na aliyeshindwa kuelewa ndiye anayenakili. Mvivu ni mmoja mmoja. Kwa wale wanaotumia programu za akili unde, ninachodai ni kwamba kila chanzo kwenye orodha ya marejeo wakilete kimechapwa ukurasa wa ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala, nami nauliza swali moja la mdomo. Programu hizo huweza kutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na majina na miaka kamili. Kijana akitumwa kuitafuta makala isiyokuwepo, akaikosa mchana kutwa, hataziamini tena kwa upofu.

Umetaja ripoti tu, lakini naomba usiishie kwenye ripoti. Wengi wa wanafunzi wako hawatachapisha kwenye majarida. Watakaa na mzazi ambaye mtoto wake amebadilika ghafla, na mwalimu mkuu anayetaka kujua hojaji zile walizojaza wanafunzi wake zilisema nini. Wape zoezi la kusimama dakika 3, bila slaidi, na kueleza matokeo ya jaribio la rangi kwa mtu asiyejua saikolojia. Mhudumu wa maktaba anatosha, au mlinzi wa getini akikubali. Kisha msikilizaji arudie alichosikia. Hapo wanajifunza kwamba "wastani" kwa mtu wa kawaida ni "kitu cha katikati, si kibaya si kizuri", na kwamba "umuhimu wa kitakwimu" anausikia kama jambo muhimu maishani. Watatafuta maneno mengine wenyewe.

Humohumo wafundishe kuwaita watu kwa heshima. Kiswahili kina hatari yake hapa: kipofu, kiziwi, kichaa, yote yanaanza na ki- kama kiti na kikombe. Tumeshajifunza nchini kusema mtu mwenye ualbino, na kila anayesikia anajua tofauti yake na tulivyokuwa tunasema zamani. Vivyo hivyo ripoti iseme mtu mwenye skizofrenia, mshiriki mwenye ulemavu wa kusikia. Usiwape kama kanuni ya kukariri. Wasomee kwa sauti aya mbili kuhusu mtu mmoja, moja kwa kila namna, kisha uliza: huyu angekuwa dada yako, ungetaka daktari asome ipi kabla hajamwona?

Basi Jumatatu ya kwanza ya muhula usianze na muundo wa ripoti wala namna ya kupanga marejeo. Hilo la marejeo watalimaliza kwa wiki moja likifika wakati wake. Ingia na bahasha 45, kalamu za rangi nne na karatasi. Wakishaandika aya zao, nitumie tatu utakazoziona mbovu kuliko zote, bila majina, pamoja na zilivyokuwa baada ya kuandikwa upya. Nitakuandikia kila moja ningeiuliza swali gani.